Maziwa lita 20 kwa siku: jirani, mwenye vespa, kituo au mtindi?

Juzi kanipigia mwenzangu wa Bambi, shamba huku kwetu Unguja, ana ng'ombe wawili chotara wanaokamuliwa, ananambia mie nauza maziwa kwa bei nzuri kushinda nyote lakini mwisho wa mwezi nikitoa pumba na dawa sioni kitu. Nikamuuliza unakamua lita ngapi kwa siku, akasema 20, yani 12 asubuhi na 8 jioni. Nikamuuliza na unauza ngapi. Akanyamaza kidogo, halafu akasema "inategemea". Bas nikajua ugonjwa uko wapi.

Wengi wetu tunalinganisha bei ya lita tunayoiuza. Jirani anatoa 2,000, mwenye vespa, yule mchuuzi anayekusanya maziwa mabandani kupeleka mjini, anatoa 1,500, kwa hivyo jirani bora, kwisha. Lakini ng'ombe halishwi kwa lita unazouza, analishwa kwa zote anazotoa, na zile zinazobaki, zinazokatika, zinazokopwa na anazopewa paka zimekula pumba ile ile. Kwa hiyo humu ntapiga hesabu ya lita uliyoikamua, sio uliyoiuza, mana hapo ndo mambo yanageuka.

Bei ntazotaja ni za mfano tu wa kupigia hesabu, toa zangu weka za kwenu. Na hoteli za kitalii nimeziacha makusudi, huko wanataka maziwa yaliyopikwa kiwandani, yenye pakiti na risiti, mwenye ng'ombe wawili hawezi kuingia kwa mguu wake peke yake.

Tunapima nini

Njia zote nne nazipima kwa mambo haya haya. Kwanza, siku ikiisha unabaki na shilingi ngapi kwa kila lita uliyokamua baada ya kutoa nauli, mkaa na vifaa. Pili, pesa inafika lini, mana muuza pumba hasubiri mwisho wa mwezi, na pumba yenyewe nyingi inavuka bahari kutoka Bara na nauli yake ya chombo iko ndani ya bei. Tatu, maziwa yakikatika nani anakula hasara. Nne, maziwa ya jioni yanakwenda wapi, hili watu hawaliulizi kabisa na kwangu mimi ndo suali kubwa kuliko bei. Na mwisho kazi, inakula saa ngapi na za nani ndani ya nyumba.

Jirani anayekuja na sufuria yake

Pesa: wateja wa mtaani tuseme wanachukua lita 12 kwa 2,000, unapata 24,000. Tamu kwelikweli. Lakini ulikamua 20, gawanya, umepata 1,200 kwa lita, na hapo bado hujafungua daftari la madeni. Kila mtaa una yule "ntakupa Ijumaa", na kumnyima humuwezi, ni shemeji au ndo anayekutilia maji ng'ombe ukisafiri.

Pesa inafika lini: nusu papo hapo, nusu Mungu anajua.

Hasara: ni yako yote. Jirani akipata ugeni ananunua lita tatu, akisafiri hanunui hata kikombe na wala hakwambii.

Maziwa ya jioni: hapa ndo pagumu. Mtu hununua maziwa kwa chai ya asubuhi. Saa 12 jioni anakuja mmoja wawili, lita 8 zinakaa, na kwa joto letu hili maziwa mabichi yakishakaa masaa machache bila kupozwa yameanza safari. Kama huna friji, tia chombo kwenye beseni la maji ya kisima, ufunike gunia bichi, yanasogea kidogo lakini usijidanganye kama hiyo ni friji. Na mwenye friji usitie ndoo nzima ya moto moto, inachukua usiku mzima kupoa katikati, poza kwanza kwenye maji kisha gawa katika vyombo vidogo.

Kazi: ndogo, wanakufata wenyewe. Ila waambie wachemshe, kila siku waambie, maziwa mabichi yanabeba maradhi yakiwemo ya kutupa mimba ya ng'ombe ambayo binaadamu nae yanampata.

Inamfaa nani: mwenye ng'ombe mmoja wa lita 6 au 8 ambaye mtaa unazimaliza zote. Huyo asihangaike na jengine lolote, lita yake ya kukamua na ya kuuza ni moja.

Mwenye vespa

Huyu tunamsema sana, eti mnyonyaji, ananunua 1,500 anakwenda kuuza mjini ghali. Na mie nlikuwa namsema hivo hivo mpaka siku moja nikapanda nyuma yake, nlikuwa na shughuli mjini na daladala zimegoma kujaa. Alfajiri tumetoka na madumu mawili ubavuni na galoni miguuni mwake, maziwa ya mabanda manne. Mkahawa wa kwanza Mwanakwerekwe, mama mwenye mkahawa hakusema hata neno, kachota kikombe kimoja katia kwenye kisufuria kaweka jikoni, yakatokota, akainamisha kisufuria akatazama ukutani mwake, safi, akamiminiwa. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu kisufuria kilipotokota nikaona vipande vidogo vidogo vimeshika ukingoni kama chenga za nazi. Yule mama akasema, "Sheikh, haya yamekatika, nenda nayo." Galoni zima. Hakubishana. Tulipofika nje nikamuuliza maziwa ya nani haya, akasema nitajuaje, nimechanganya ya mabanda mawili. Na ule mkahawa wa pili ulimlipa ya wiki iliyopita, ya siku ile kaandikiwa tu.

Tangu siku ile, ile 500 anayopungua kwa bei ya jirani siioni kama wizi, naiona kama bima. Hasara ya njiani, mafuta, na deni la mkahawa ni vyake. Ubaya uliopo ni mwengine: maziwa yako masafi anayachanganya na ya mtu asiyeosha dumu, kwa hiyo usafi wako haukulipi kitu, bei ni moja kwa wote. Na lile dumu la plastiki lenye mdomo mwembamba haliwezi kuoshwa likatakata, mkono hauingii. Ukimpa keni yako ya alumini iende peke yake, ukamwambia hii apelekee mkahawa mgumu ule, hapo unaweza kuanza kuzungumza bei.

Pesa: akichukua zote 20 kwa 1,500 ni 30,000, yani 1,500 kamili kwa lita uliyokamua, imempita jirani wa 2,000! Lakini akichukua za asubuhi tu 12, ni 18,000, gawanya kwa 20 umepata 900. Tafauti yote hiyo ni lita 8 za jioni. Ndo mana mie bei ya asubuhi sibishani nae, nabishana aje na jioni hata kwa 1,000. Akikubali unafika 26,000, sawa na 1,300 kwa lita.

Pesa inafika lini: kila siku au kila wiki, mkononi au kwa simu. Kwa njia zote nne huyu ndo mlipaji mzuri, kwa niliowaona mie.

Hasara: yake, maziwa yakishatoka mlangoni kwako.

Kazi: hakuna. Ila asipokuja siku mbili, vespa imeharibika au kauguliwa, una lita 40 na huna mteja, hilo uliwaze mapema.

Inamfaa nani: aliye shamba mbali na barabara kubwa, mwenye kazi nyengine, au anayehitaji pesa ya kila siku ya pumba.

Kituo cha kukusanyia

Hivi vituo vya vyama vya ushirika au vinavyopelekea kiwandani, kama kile kiwanda cha Fumba, vina sifa moja ambayo wengine hawana: vinachukua nyingi, masika na kiangazi. Masika majani yamejaa, kila banda linatoka maziwa, jirani kashapata ng'ombe wake mwenyewe (tangu mbung'o, wale nzi wanaoambukiza ng'ombe maradhi, waondolewe Unguja, wa mwisho alinaswa 1996, machotara yamezidi mashamba yote na kila mtu ana maziwa wakati mmoja), mwenye vespa anachagua kama bwana harusi, kituo bado kinapokea.

Pesa: tuseme 1,300, lita 20 ni 26,000, toa boda 3,000 ya kufikisha, unabaki na 23,000, sawa na 1,150 kwa lita. Angalia ilivyo karibu na jirani wa 2,000. Mkiwa watu watano mnatumia boda moja, au mmoja ana keri, kigari cha mizigo, nauli inagawika na hesabu inapanda, peke yako haipandi.

Pesa inafika lini: nusu mwezi au mwisho wa mwezi. Ina uzuri wake, inakuja nyingi kwa pamoja unaweza kununua pumba gunia kadhaa au kulipia skuli, lakini mwezi wa kwanza utaumia, uwe na akiba ya chakula cha ng'ombe cha wiki nne.

Hasara: ni yako mpaka mezani pao, na mezani pao pana vipimo. Kipimo cha spiriti, wanachanganya maziwa na spiriti sawa kwa sawa, yakifanya chenga yamekataliwa. Na laktomita ya kujua maji, maziwa mazima yanasoma kati ya 1.026 na 1.032. Hapa nikupe siri, usiende ukapime maziwa yaliyotoka kwenye chuchu sasahivi, ya moto na yana povu, laktomita itasoma chini utaambiwa umetia maji na wala hukutia.

Mie nimekataliwa mara moja, kituo kimoja sikitaji. Lita 19 zote. Nlifanya nini? Ya jioni nliyaweka nje usiku, asubuhi nikayanusa nikaona mazuri, nikayamimina pamoja na ya asubuhi kwenye chombo kimoja. Nimerudi nyumbani na keni imejaa kama nilivyoondoka, watoto wa njiani wananiuliza "mjomba unauza?" nami nasema siuzi. Ya jioni yalikuwa yameshaanza kuchachuka bila pua kujua, na yakayaharibu yale ya asubuhi yaliyokuwa hayana kosa. Ningeyapeleka vyombo mbalimbali ningepoteza 7 tu.

Maziwa ya jioni: yanapokewa kama yamepozwa barabara. Bila friji hapana. Kwa hiyo swali la kituo ni suali la friji na umeme.

Inamfaa nani: mwenye lita nyingi, kuanzia 30 hivi kwenda juu, au kikundi. Na aliye njia moja na kituo.

Kujifanyia mtindi

Hii kila mtu anaisifu kwenye semina, "ongezeni thamani", na kweli hesabu yake ya mwanzo inavutia: lita 20 kwa 3,000 ni 60,000. Toa chupa, mkaa, umeme na boda, tuseme 12,000. Toa ulizorudi nazo, lita 4, ni 12,000 nyengine. Unabaki na 36,000, ni 1,800 kwa lita. Inazishinda zote. Lakini zikibaki lita 8 badala ya 4, umeangukia 24,000, yani 1,200, umerudi pale pale pa jirani na umeshinda jikoni toka alfajiri! Faida ya mtindi imekaa kwenye lita zinazorudi, haikukaa kwenye bei.

Dada yangu ndo anaefanya kwetu. Anachemsha, anaacha yapoe mpaka kidole kinavumilia, anatia mtindi wa jana kidogo uliokuwa mzuri, anafunika na blangeti, baada ya masaa sita mpaka nane yameshika. Siku moja hayakushika. Kutwa nzima yako maji maji, akalaumu blangeti, akalaumu mtoto kafunua. Mimi nikakumbuka ng'ombe mmoja kapigwa sindano ya kiwele juzi yake na tumechanganya maziwa yake. Dawa ile inaua vile vijidudu vinavyogandisha, na maziwa yale hayakuwa ya kunywewa na mtu hata kidogo. Daktari wa mifugo akichoma sindano muulize siku ngapi nisiuze, andika ukutani mwa banda, na umkamue mbali.

Pesa inafika lini: ukiuza mwenyewe papo hapo, ukiacha madukani ni wiki na chupa zitakazorudi.

Hasara: yako, ila unayo siku kadhaa za kuikimbia, mtindi kwenye friji hauna haraka ya maziwa mabichi.

Maziwa ya jioni: hapa ndo mtindi unapokuwa mfalme. Lile lililokuwa taka kwa jirani na mzigo kwa kituo, usiku linaganda lenyewe, asubuhi ni bidhaa.

Kazi: kubwa, na mara nyingi ni ya mwanamke wa nyumbani ambaye hakuna anaemlipa. Muhesabu. Na ukitaka kuingia madukani kwa jina lako, nenda Wakala wa Chakula na Dawa ukaulize masharti kabla hujachapisha vibandiko.

Samli wengine wananiuliza. Samli nzuri ina wateja, halua na boko boko haziendi bila yake, lakini lita 24 za chotara, yani jioni tatu, hata kilo haitimii. Ifanye kwa malai yaliyobaki, usiifanye ndo biashara.

Ramadhani inageuza kila kitu

Mwezi huu uangalie peke yake. Mikahawa imefungwa mchana, kwa hiyo mwenye vespa lita zake za asubuhi zinapungua au haji kabisa. Wakati huo huo jirani ambae mwaka mzima hataki maziwa ya jioni anayagombania, ya futari na ya daku. Mtu aliyezoea kumpa vespa asubuhi na kutupa jioni anajikuta kageuzwa juu chini.

Na ng'ombe anaweza kupangwa. Anabeba mimba kama siku 280, na maziwa yanafika juu kabisa mwezi wa kwanza mpaka wa pili baada ya kuzaa. Ukitaka kilele kiangukie Ramadhani, rudi nyuma kama miezi 10 na nusu ndo wakati wa kumpandisha, na ukumbuke Ramadhani yenyewe inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo tarehe ya mwaka jana haikufai.

Sasa wewe uko wapi

Una ng'ombe mmoja na mtaa umejaa watu: jirani, na daftari liwe na kikomo, mtu akifika lita tano za deni sufuria irudi tupu kwa upole.

Una lita 15 mpaka 25, nyumbani kuna friji na mtu wa kufanya kazi: mie ningegawa. Asubuhi 12 kwa mwenye vespa ni 18,000. Jioni 8 ziwe mtindi, 24,000, toa 5,000 ya vifaa na lita moja iliyorudi, zinabaki 16,000. Jumla 34,000, ni 1,700 kwa lita, karibu sawa na kuganda zote 20 na kazi haifiki nusu. Huyu mwenzangu wa Bambi ndo nliomwambia hivi.

Hakuna friji, hakuna mtu, uko ndani ndani shamba: vespa, mbane achukue na jioni hata kwa bei ya chini, na uwe na namba ya simu ya wa pili kwa siku ambayo huyu haji.

Lita 30 na zaidi, au mko watano mnaoaminiana: kituo kiwe ndo nguzo, kwa sababu hakichoki masika, na kidogo kiwe kwa jirani kwa pesa ya kila siku. Kila mtu na keni yake yenye alama, msichanganye kabla ya kupimwa, mana siku galoni la mmoja likikatika urafiki nao unakatika.

Uko Pemba: pima kwanza kama kituo kiko karibu kweli, usihesabu cha mwenzako wa upande wa pili wa kisiwa. Wengi niliozungumza nao Wete na Konde wanaishi kwa jirani na mtindi, na mtindi wa Pemba watu wanaufata wenyewe. Hapo kabla hujanunua ng'ombe wa tatu, andika wiki mbili tu ukutani, lita zilizotoka upande mmoja, lita zilizolipwa upande wa pili.

Mwenzangu wa Bambi kaandika siku nne. Kanitumia picha ya ukuta jana: 81 zimetoka, 46 zimelipwa.